Mgeni Anahama Tena

Jina la Mgeni hakupewa na mama yake. Alipewa na walimu, tena si mwalimu mmoja. Kila shule aliyoingia, mwalimu wa darasa alimsimamisha mbele, akamshika bega na kusema, "Leo tuna mgeni," na watoto wakaona hilo ni jina la kutosha. Akikaa miezi kadhaa, akaanza kuzoeleka, akapata na rafiki wa kuazimana naye kifutio, mama yake anafunga godoro, wanahamia mtaa mwingine, na huko nako mwalimu mwingine anamshika bega lilelile: "Leo tuna mgeni." Shule hizo hazikuwahi kuandikiana wala kupigiana simu kuhusu jambo hilo, lakini zilikubaliana kwa namna ambayo shule hazikubaliani katika jambo lingine lolote.

Mama yake alikuwa akifua nguo za watu. Baba yake alitoka asubuhi moja kwenda kutafuta kazi, na inaelekea kazi yenyewe ilikuwa mbali sana. Wakabaki wawili, mama na mwana, wakizunguka kwenye vyumba vya kupanga. Kulikuwa na chumba nyuma ya kinu cha unga, ambako hata paka alikuwa mweupe mpaka anyeshewe na mvua. Kulikuwa na chumba ubavuni mwa baa, ambako Mgeni alijifunza nyimbo nyingi ambazo mama yake alimkataza kuziimba. Kulikuwa na chumba chini ya ngazi za ghorofa, ambamo ungeweza kumjua kila mpangaji kwa uzito wa viatu vyake. Na kulikuwa na mwenye nyumba mmoja ambaye, baada ya kodi kuchelewa, hakugomba wala hakutukana. Alikuja na bisibisi, akafungua bawaba taratibu kama fundi aliyelipwa, akaondoka na mlango begani. Mama akatundika shuka pale mlangoni, akasema hata hivyo joto lilikuwa limezidi humo ndani.

Katika maisha hayo mama aliweka sheria moja: hakinunuliwi kitu ambacho watu wawili hawawezi kukinyanyua. Mmoja wa hao watu wawili alikuwa bado anaota meno. Kwa hiyo hawakuwa na kabati, hawakuwa na meza, na kitanda kilikuja miaka mingi baadaye. Walichokuwa nacho ni ujuzi. Kabla hajajua kusoma vizuri, Mgeni alijua kwamba sahani husimamishwa wima kwenye beseni, hazilazwi. Kwamba glasi hutiwa ndani ya sweta na sweta hutiwa ndani ya sufuria. Kwamba godoro likikunjwa na kufungwa kamba mara mbili, mtoto anaweza kulibeba kichwani akaonekana kutoka nyuma kama godoro lenye miguu. Mama akisema "Haya," nyumba nzima ilikuwa juu ya mkokoteni kabla jirani hajamaliza kuuliza kuna nini.

Shuleni mambo hayakwenda kwa kasi hiyo. Hesabu za sehemu alifundishwa mara tatu, katika shule tatu tofauti, mpaka akawa anazipenda. Asilimia hakufundishwa hata mara moja. Kila alikofika, ama walikuwa bado hawajazifikia, ama walizipita wiki iliyotangulia. Walimu waliandika kwamba ni mtoto mwenye adabu ila mzito wa kuelewa. Alipoacha shule hakuna aliyeshangaa, na darasa lake la mwisho halikumkumbuka, kwa kuwa lilikuwa halijamaliza kumzoea.

Akaenda kubeba mizigo kwenye duka la samani. Hapo ndipo alipogundua kwamba kitu alichokionea aibu utotoni watu wanakilipia. Mteja akinunua kabati, vibarua wenzake walilisukuma kama wanamsukuma ng'ombe mbishi. Yeye alilifunga milango kwa shuka, akalipima kwa macho, akalipitisha kwenye korido nyembamba bila kugusa ukuta. Wateja wakaanza kumuulizia. Baadaye akakodi lori, na baadaye zaidi akanunua la kwake, kuukuu, lenye mlango mmoja usiofunguka mpaka upigwe teke. Ubavuni aliandika: MGENI — TUNAHAMISHA KWA UANGALIFU. Akamwajiri dereva mmoja aliyeitwa Kobe kwa sababu ya mwendo wake, na sifa hiyo ambayo ingemfukuzisha kazi kwingine kote ndiyo iliyompatia kazi kwa Mgeni. Glasi hazitaki haraka.

Mke naye alimpata kwa kazi hiyohiyo, siku alipompelekea cherehani. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, aliyezaliwa na kukulia katika nyumba moja mpaka siku anaolewa. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwao kulikuwa na mistari ya penseli inayoonyesha urefu wake na wa ndugu zake mwaka hadi mwaka. Mgeni alipokwenda kuhamisha vyombo vya bibi harusi, ambaye kwa bahati njema alikuwa bibi harusi wake mwenyewe, alisimama mbele ya ile mistari kwa muda mrefu hata mashemeji wakadhani amekuta nyufa. Vyombo vilifika salama, hakikuvunjika hata kikombe. Mama mkwe alisema binti yake amepata mwanamume mwangalifu, na kwa hilo alisema kweli.

Nyumba yao ya kwanza waliihama kwa sababu ya moshi wa jirani. Ya pili waliihama kwa sababu mwenye nyumba alinunua gari, na Mgeni akaona mtu mwenye gari jipya lazima atapandisha kodi. Ya tatu majirani walikuwa na kelele. Ya nne majirani walikuwa kimya mno, na Mgeni hakuelewa wanapanga nini. Kodi alilipa kabla ya wakati, kila mara, popote walipokaa. Hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyewahi kumwambia ahame. Wengine walimbembeleza abaki. Mmoja alilia kidogo. Lakini Mgeni alikuwa anajua kitu ambacho wao hawakukijua, kwamba siku ya kufukuzwa huwa inakuja tu, na mtu mwenye akili haisubiri akiwa amekaa.

"Tunakwenda pazuri zaidi," alimwambia mkewe kila mara, na kweli kila nyumba ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia. Kwa macho ya watu alikuwa mtu anayepanda. Walihama kwa lori lao wenyewe, wakiwa na jokofu na makochi na kitanda cha mbao ngumu ambacho skrubu zake zilisafiri ndani ya soksi iliyofungwa kwenye mguu wa kitanda. Watoto walikuwa na viatu. Hakuna aliyeondoka na mlango wao begani. Ila mkewe kila akihama aliwaacha wateja wake nyuma, na kila mtaa mpya alianza upya, kwa kukunja pindo za suruali na kubadilisha zipu, mpaka watu wajue kwamba anaweza kushona sare nzima. Wakishajua tu, mumewe anakuja nyumbani na maboksi.

Binti yao mkubwa aliporudi siku ya kwanza kutoka shule nyingine tena, alikaa mezani, akavua soksi, akasema, "Wameniita mgeni."

Baba yake alicheka kwa raha. "Hilo jina la baba yako. Limeshapata mrithi."

Mkewe hakucheka. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari vimeoshwa. Usiku huo alimwekea sharti: nyumba watakayohamia baada ya hii, binti amalizie hapo shule ya msingi. Mgeni akakubali, kwa sababu wakati huo walikuwa bado hawajaingia.

Nyumba hiyo ilikuwa vyumba vitatu upande wa nyuma wa kiwanja cha mzee mmoja, dereva mstaafu wa mabasi. Mzee mwenyewe alikaa peke yake kwenye nyumba ya mbele, yenye baraza na madirisha mapana. Alikuwa mtu wa watu. Maji yakikatika aliwafungulia tangi lake. Mtoto wao mdogo wa kiume akivunja kitu, mzee alisema kilikuwa kimeshachoka. Wema huo ulimkosesha Mgeni raha kabisa. Mwenye nyumba mkali unajua umesimama naye wapi. Huyu alikuwa haeleweki. Hata hivyo alijikaza, miezi ikapita, mwaka ukapita, mkewe akapata wateja wa shule mbili, na binti akaacha kuitwa mgeni akaanza kuitwa kwa jina lake.

Halafu asubuhi moja, Alhamisi, mzee alimsimamisha Mgeni getini.

"Mgeni, Jumapili usipange safari," alisema. "Nataka tukae pamoja, mimi, wewe na mama watoto. Tuzungumze habari ya hii nyumba."

"Kuna tatizo, mzee?"

"Hakuna tatizo. Tutazungumza."

Mtu mwingine angekwenda zake kazini. Mgeni naye alikwenda kazini, lakini neno lile lilikwenda naye. Utotoni mwake, kila mwenye nyumba aliyesema "tuzungumze" alikuwa ameshamaliza kuzungumza na nafsi yake. Siku hiyo walikuwa wanahamisha kioo kikubwa cha kabati la mama mmoja mwenye duka la dawa. Mgeni mwenyewe alikishika upande wa mbele, na mwenyewe akakigongesha kwenye nguzo. Kobe alizima injini, akashuka, akatazama vipande, kisha akamtazama bosi wake kama mtu aliyemwona shehe amelewa.

"Bosi, unaumwa?"

"Tafuta nyumba," Mgeni alimjibu. "Ya kwangu."

Kufikia Ijumaa mchana alikuwa ameshapata nyumba upande wa pili wa mji na kulipia. Jioni alifika nyumbani na maboksi matupu kwenye lori. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, sare zimepangwa hadi kwenye kochi, kwa kuwa shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

"Mzee anatutoa," Mgeni alisema.

"Kasema?"

"Atasema Jumapili."

"Kwa hiyo hajasema."

"Mama watoto, mtu hasemi tuzungumze habari ya nyumba akiwa anataka kukupongeza. Nimeshapata pengine. Pazuri zaidi. Kuna hadi bafu la ndani."

Mkewe alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno. "Tusubiri Jumapili tumsikilize."

"Nisubiri nitoke kwa kufukuzwa? Mimi nimeshafukuzwa vya kutosha. Sitaki watoto wangu waone vyombo vyao vimetupwa nje."

"Watoto wako hawajawahi kuona chombo chao kimetupwa nje," mkewe alisema. "Wameviona ndani ya maboksi tu."

Binti alikuwa anasoma kwenye ngazi ya jikoni. Aliinua kichwa. "Baba, tukihama mimi nitafanyia wapi majaribio? Tulifunga shule tukiwa tumeanza asilimia."

Mgeni alisimama kidogo aliposikia hilo. Akasema huko kuna shule nzuri na asilimia zipo kila mahali. Kisha akaanza kufunga sahani.

Jumamosi asubuhi lori lilirudi nyuma hadi mlangoni. Mgeni alifanya kazi yake vizuri kuliko siku nyingine zote, kwa ule utulivu unaomjia mtu anapofanya anachokijua. Makochi yalitoka, jokofu likatoka likiwa wima, kitanda kikatoka, soksi ya skrubu ikaning'inia. Mkewe hakunyanyua kitu, na hakumzuia. Aliendelea kushona. Ilipofika zamu ya cherehani, Kobe alisimama mbele yake akiwa na kamba mkononi, akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Shemeji, samahani," alisema.

Mkewe alikuwa ameweka kola ya shati chini ya sindano. Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, akainua sindano, akatoa kola, akakata uzi. Kisha akasogeza kiti nyuma.

"Chukueni," alisema. "Vitu hamisheni vyote, umevifunga vizuri, baba watoto. Mimi na watoto tupo hapa."

"Mtalala wapi?"

"Kuna mikeka."

Mgeni alidhani hiyo ni hasira ya asubuhi. Mwanamke hawezi kubaki katika nyumba isiyo na jiko wala sufuria. Atakuja jioni, alijisemea, na watoto wawili na pasi yake mkononi. Akapanda lori, na Kobe akaendesha taratibu kuliko kawaida yake, jambo ambalo hakuna aliyedhani linawezekana.

Jioni hawakuja. Mgeni alipanga makochi kwenye nyumba mpya. Alipanga vikombe. Alifunga kitanda cha watoto na kukitandika. Jokofu aliliacha kwanza litulie, kama inavyotakiwa, ndipo akaliwasha, akasimama akilisikiliza likinguruma. Bafu la ndani lilikuwepo kweli. Aliingia, akafungua maji, akayafunga.

Jumapili mzee dereva alivuka ua akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, akabisha hodi, na akamkuta mama watoto amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anashona kola kwa mkono. Alichungulia ndani, chumba baada ya chumba.

"Mwanangu, mmeibiwa?"

"Hapana, mzee. Tumehama."

"Mmehama?"

"Vitu vimehama. Mimi na watoto tumebaki kukusikiliza."

Mzee alitafuta pa kukaa, akakosa, akaketi kizingitini. Alikuwa ameyafikiria maneno yake wiki nzima, na sasa aliyatoa kwa mtu mmoja badala ya wawili. Macho yake yalikuwa yanafifia, binti yake aliyeko mji mwingine anamtaka akakae naye. Hakutaka kuuza kiwanja, wala kukiacha mikononi mwa mtu asiyemjua. Alitaka kumwomba Mgeni na familia yake wahamie nyumba ya mbele tangu sasa, yeye akibakiwa na chumba kimoja mpaka siku ya safari, kodi ileile, wamwangalizie mahali hapo. Kama siku moja itabidi kiuzwe, wao ndio watakaoulizwa kwanza. Alisema alimchagua Mgeni kwa sababu hajawahi kumwona mpangaji anayelipa mapema namna ile. "Nikasema huyu ni mtu aliyetulia," mzee alimalizia.

Mama watoto alikubali palepale. Halafu, mzee alipokwenda zake, aliinamia ile kola akacheka mpaka mtoto wao mdogo akaja kuuliza mama analia nini.

Hakumpigia mumewe simu. Alikuwa na maoni kwamba anayetaka kujua kilichozungumzwa Jumapili alipaswa kuwepo Jumapili.

Kwa hiyo Jumatatu Mgeni alipokuja na mkate na maziwa, akiwa amejiandaa kusamehe, alikuta mlango uko wazi na vyumba vyote vitatu vitupu. Mikeka haikuwepo. Ndoo haikuwepo. Hata kanga iliyokuwa dirishani ilikuwa imeondoka. Alisimama katikati ya chumba akiwa na mkate kwapani. Aliona lile alilokuwa akilikimbia maisha yake yote limefika, na limefika wakati yeye hayupo. Wametupwa nje. Mwanamke na watoto wawili, bila mtu wa kuwafungia hata godoro, kwa sababu godoro alilichukua yeye.

Alitoka uani mbio, akapita tangi la maji, na hapo akasikia sauti ya binti yake ikisoma kwa nguvu. Sauti ilitoka nyumba ya mbele. Binti alikuwa amelala kifudifudi barazani, daftari mbele yake, anahesabu mia kwa vidole. Mdogo wake alikuwa anateleza na soksi kwenye sakafu ya sebule pana. Mkewe alitokea mlangoni akiwa na ufagio.

"Karibu," alimwambia. "Tumehama."

Ilibidi Mgeni akae chini. Mkewe akamweleza yote, hakuongeza chumvi, kwa kuwa haikuhitajika. Mgeni alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mkewe alikuwa analisubiri.

"Anataka nini huyu mzee?"

"Anataka tukae."

"Halafu?"

"Basi. Tukae."

Hakuliamini jambo hilo. Aliacha mkate, akaondoka, na badala ya kwenda kazini alikwenda kwa mama yake.

Mama yake alikuwa mzee sasa, anakaa kwenye chumba kimoja alichokipanga tangu Mgeni aanze kubeba mizigo, na hakuwa amehama tena. Ukimuuliza sababu alisema mgongo. Alimkuta anakunja nguo huku redio inaongea peke yake. Mgeni akamwaga malalamiko yake: mke mkaidi, mzee asiyeeleweka, nyumba ya bafu la ndani inayokaa bure. Mama yake alikunja shuka, akampa ncha mbili ashike, wakalikunja pamoja kama zamani.

"Mimi najua wenye nyumba, mama," Mgeni alisema. "Tumefukuzwa mara ngapi mimi na wewe? Kule kwenye kinu tu, tulikaa vizuri, mwisho yule mama akatutoa."

"Nani kakwambia alitutoa?"

"Wewe."

Mama alifikiri. "Yule mama wa kinu alikuwa mtu mzuri. Alikuwa anataka usome na watoto wake jioni, taa iko kwake."

Mgeni alishusha ncha za shuka. "Sasa tuliondoka kwa nini?"

"Kodi ilikuwa imechelewa."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Nikaona tu atasema."

"Atasema lini?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Tulikuwa tumeshaondoka."

Redio ilitangaza hali ya hewa. Mama alichukua shuka lililobaki akalimalizia mwenyewe. "Waliotufukuza kweli ni wawili," alisema. "Yule aliyechukua mlango, na yule wa chini ya ngazi."

"Na wengine wote?"

"Wengine niliwawahi."

Alilisema bila kujuta, kama mtu anayeeleza namna alivyovuka barabara. Mgeni alitaka kukasirika. Alifikiria yale madarasa, zile asilimia zilizokuwa zinamkimbia, yule rafiki wa kifutio ambaye jina lake alishalisahau. Alimuuliza mama yake kwa nini basi alimwambia kila mara kwamba wenye nyumba ni wabaya.

"Ulikuwa unauliza kila tukihama," mama alisema. "Ningekwambia nini? Kwamba mama yako anaogopa? Mtoto akijua mama yake anaogopa, atamshika nani?" Akamsogezea kikombe cha chai. "Kunywa. Imepoa kwa maneno yako."

Mgeni hakurudi nyumba ya mbele siku hiyo, wala hakusema kwa mtu yeyote kwamba amebadili mawazo. Nyumba ya upande wa pili wa mji ameshailipia, alisema, na mtu hatupi kodi. Ila kesho yake alipita kwa mkewe na cherehani, kwa sababu shule zinafunguliwa na wateja hawawezi kusubiri ugomvi wa watu. Mkewe akashukuru, akakaa akashona, hakumwambia abaki. Siku iliyofuata alileta jiko, kwa ajili ya watoto. Kisha sufuria, kwa ajili ya jiko. Kisha kitanda cha watoto, kwa kuwa baridi ya sakafu si nzuri. Kila jioni alirudi kulala kati ya vitu vilivyopungua, kwenye nyumba iliyoanza kutoa mwangwi akikohoa. Kobe aliendesha lori kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine likiwa na kochi moja katikati, limefungwa kamba pande zote kama mgonjwa, na kila wakikutana na vibarua wa magari mengine aligeuza uso. Mtu aliyehamisha nusu ya mji, familia za watu kumi kwa asubuhi moja, alimaliza karibu mwezi mzima kuhamisha nyumba yake mwenyewe hadi mahali alipoitoa.

Mwisho lilibaki jokofu. Aliliteremsha likiwa wima, akaliweka jikoni, akasubiri litulie. Alisubiri hadi jioni, na mkewe alipoweka sahani mezani, aliweka na yake.

Mzee dereva aliondoka kwenda kwa binti yake baada ya hapo, akimwachia Mgeni funguo na maneno mengi kuhusu tangi. Aliwashauri wapangaji wa mtaani waige mfano wa kijana huyo. Mgeni aliyasikia hayo akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, na alizifunga kwa muda mrefu.

Nani asema mtu hubadilika mara moja? Mara kwa mara alikaa mezani akitazama dari, na mkewe akajua anatafuta ufa. Mtu akigonga geti asubuhi mapema, alikuwa wa kwanza kuamka. Wakati mwingine alimuuliza binti yake swali la asilimia, akidai anampima, na binti alimwelekeza taratibu, hatua kwa hatua, bila kumwonyesha kwamba amegundua.

Kisha kikatokea kisa cha kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa na kibanda chake upande wa pili wa ukuta, na kila jioni akifunga kazi alifagia nywele kuelekea kwenye uchochoro, na upepo ukazipeleka hadi barazani kwa Mgeni. Wiki ya kwanza Mgeni alizifagia mwenyewe. Wiki ya pili alizifagia akinung'unika. Jioni moja, mkewe akiwa kwenye cherehani, alimwona anaweka ufagio chini, anakunja mikono ya shati, anatoka getini.

"Jirani," alimsikia akisema nje, "hizi nywele zako mpaka lini?"

"Upepo huo, bwana. Mimi sipulizi."

"Upepo haushiki fagio. Fagia kuelekea kwako."

"Watu wamekaa hapa miaka, hakuna aliyelalamika."

"Hao walivumilia. Mimi sivumilii. Kesho nikizikuta nitakuja tena, na keshokutwa nitakuja. Nitakuja mpaka utanichoka."

Kinyozi akajibu, Mgeni akajibu, sauti zikapanda. Kinyozi alisema kitu kuhusu ukubwa wa kiwanja, Mgeni akasema kitu kuhusu mpaka wa ukuta, na mtu wa tatu akaingilia kuwasuluhisha akaambiwa na wote wawili anyamaze. Binti alitoa kichwa dirishani. "Mama, baba anagombana na jirani. Nimwite?"

"Mwache," mama yake alisema. Alikuwa ameacha kukanyaga cherehani ili asikie vizuri. Miaka yote hiyo ya ndoa, katika mitaa yote hiyo, hakuwahi kumsikia mumewe akigombana na jirani hata mmoja. Hapakuwa na haja. Mtu anayeondoka hagombanii uchochoro.

Mgeni aliingia ndani amekunja uso, akaomba maji, akayanywa akiwa amesimama. Alisema yule bwana hajui anashindana na nani. Alisema kesho atanunua matofali machache, apandishe ukuta upande ule, tena aujenge kwa saruji nzuri.

"Utachukua siku ngapi?" mkewe aliuliza.

"Utachukua muda wake," Mgeni alisema, akatoka tena, kwa sababu kulikuwa na neno moja alilolikumbuka akiwa ndani na kinyozi alikuwa bado hajafunga.